Walitazama Juu, Wakasahau Chini

Aghalabu kurasa hizi za Kiswahili hujaa habari za kilimo, safari na mashindano ya mpira. Leo naomba ruhusa niandike juu ya picha za sinema, hasa zile kubwa za Marekani zinazosimulia miaka ijayo, vyombo vya kwenda kwenye nyota, na mashujaa warukao angani pasipo mabawa. Najua wako watakaosema kuwa huo ni upuuzi. Upuuzi umo, tena mwingi, na nia yangu ni kuwaonyesha mahali ulipo ili tucheke pamoja. Lakini ndani yake mna somo ambalo mtu wa shule hana budi kulichukua.

Mtabiri mwerevu hataji tarehe. Ukimwuliza mvua itanyesha lini, hukujibu kuwa i karibu, nawe huwezi kumshtaki. Watu wa sinema hawakuwa na werevu huo. Walitaja mwaka, na mara nyingine mwezi na siku. Basi miaka hiyo imekuja na kupita, na sisi tuliozaliwa baadaye twaweza kukaa kama mahakimu, tukapima kila neno lao.

Tuanze na Escape from New York, picha ya mwaka wa 1981. Yasimulia kwamba mwaka wa 1997 kisiwa cha Manhattan, ambacho ndicho moyo wa mji wa New York, kimegeuzwa kuwa gereza moja kubwa. Rais wa Marekani aanguka humo, naye amechukua siri itakayoiepusha dunia na vita. Siri hiyo imehifadhiwa ndani ya nini? Ndani ya kanda ya kaseti! Wadogo wetu wa kidato cha kwanza huenda hawajapata kuiona kaseti. Na wawaulize wakubwa, watawaonyesha jinsi ilivyokuwa ikirudishwa nyuma kwa kuizungusha na kalamu.

Mwaka wa 1991 ikaja Terminator 2. Hiyo ilitangaza kuwa tarehe 29 Agosti 1997 mitambo ya kompyuta itaasi, irushe makombora, na watu milioni elfu tatu wafe. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Watu wakaenda sokoni kama kawaida, wakarudi nyumbani, wakala, wakalala.

Kabla ya hizo, mwaka wa 1968, Stanley Kubrick alikuwa ametoa 2001: A Space Odyssey. Humo abiria wasafiri kwenda kituo cha angani kwa chombo chenye jina la shirika la Pan Am, kama vile mtu apandavyo eropleni kwenda London. Mwaka wa 2001 ulipofika, kituo cha angani kilikuwako kweli, lakini wakaaji wake wa kudumu walikuwa watatu tu, na Pan Am yenyewe ilikuwa imekwisha kufa tangu mwaka wa 1991. Ajabu ni kwamba Blade Runner, picha ya mwaka wa 1982 inayosimulia mji wa Los Angeles wa Novemba 2019, nayo yaonyesha tangazo la Pan Am liking'aa juu ya mji. Maskini shirika lile! Lilipewa maisha marefu sinemani, duniani likanyimwa.

Katika Blade Runner hiyo motokaa huruka juu ya majumba. Lakini shujaa mwenyewe, anapotaka kusema na mwanamke aliyempenda, humlazimu aende kwenye simu ya ukutani. Ni kweli kwamba simu ile ina kioo cha kuonyesha sura, ila imegongomewa palepale. Ana motokaa ya kuruka, hana simu ya mfukoni! Vivyo hivyo Back to the Future Part II ya mwaka wa 1989, iliyotupeleka tarehe 21 Oktoba 2015. Humo mna motokaa za kuruka, viatu vinavyojifunga kamba, koti linalojikausha, na ubao wa kuchezea unaoelea bila magurudumu. Tena nyumba imejaa mashine za faksi, na mtu anapofukuzwa kazi barua yamfikia kwa karatasi zinazotoka kila chumba. Ulipofika mwaka wa 2015, watu wengi walikuwa wakifukuzwa kwa ujumbe wa simu, bila hata heshima ya karatasi.

Kwa haki yao, hawakukosea yote. Wasafiri wa 2001 walisoma habari kwenye vioo bapa huku wakila, jambo ambalo leo mtoto hulifanya na mama yake akamkaripia. Kompyuta yao ilimshinda mtu katika mchezo wa sataranji, na kweli mwaka wa 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov. Tena Back to the Future Part II ilisema kwamba timu ya besiboli ya Chicago Cubs, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu mwaka wa 1908, ingeutwaa mwaka wa 2015. Iliutwaa mwaka wa 2016. Mtabiri aliyekosa kwa mwaka mmoja katika jambo lililokawia zaidi ya miaka mia, mimi nampa alama tisa kwa kumi.

Sasa yafaa tuulize: kwa nini walikosea juu ya motokaa na simu, ilhali walikuwa watu wenye akili na walitumia fedha nyingi?

Sababu ya kwanza ni kwamba kila mtu huitabiri kesho kwa kukikuza kile alichokiona jana. Ndugu Wright waliruka kwa mtambo mwaka wa 1903, na mwaka wa 1969 watu wakakanyaga mwezi. Miaka 66 tu! Mtu aliyeyaona hayo alikuwa na haki ya kudhani kwamba baada ya miaka mingine 30 kila mwenye nyumba atakuwa na chombo cha kuruka uani.

Sababu ya pili imo katika somo letu la fizikia. Kuinua uzito ni kazi, na kazi haina budi kulipiwa. Motokaa ya kilo 1,000 ikitaka kukaa hewani, lazima mtambo wake uisukume hewa chini bila kukoma, la sivyo itashuka kwa mwendo usiopendeza. Helikopta hufanya hivyo, ndiyo maana hunywa mafuta mengi na kupiga kelele za kuamsha wafu. Lakini habari haina uzito. Sauti yako ikigeuzwa kuwa mawimbi ya redio, haihitaji mabawa wala magurudumu. Mwaka wa 1965 mhandisi wa Marekani, Gordon Moore, aliandika kwamba idadi ya viungo vinavyotiwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka wa 1975 akasahihisha hesabu yake, akasema kila miaka miwili. Chukueni karatasi mkadirie: kitu kinachoongezeka maradufu kila miaka miwili, kwa muda wa miaka 40, huwa kimeongezeka maradufu mara 20, nayo ni zaidi ya mara milioni moja. Hakuna injini ya motokaa iliyopata kukua hivyo.

Kwa hiyo kesho haikuja kwa lango kubwa walilokuwa wakililinda. Iliingia kwa mlango wa jikoni, ikiwa ndogo, ikaingia mifukoni mwa watu. Nao hao watu hawakuwa matajiri wa Los Angeles peke yao. Mwaka wa 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka wa 2009 kutuma fedha kwa simu kukaanza hapa kwetu Uganda, mama auzaye ndizi akaanza kupokea malipo kutoka mji wa mbali bila kuiacha meza yake. Katika picha zote nilizozitaja hamna mama huyo. Walitazama juu, wakasahau chini.

Kosa hilihili la kutazama juu ndilo la picha za mashujaa, nazo ndizo zinazopendwa mno katika ukumbi wetu Jumamosi usiku. Tumchukue mkubwa wao, Superman, katika picha ya mwaka wa 1978. Sitasema mengi juu ya mavazi yake, kuvaa chupi nyekundu juu ya suruali. Ilipofika mwaka wa 2013 wakubwa wa sinema waliona haya wakaiondoa. Mwaka wa 2025 wakairudisha. Naona mjadala huo ni wao, na msimamizi yeyote wa bweni angeumaliza kwa dakika moja.

Tazameni badala yake Lois Lane, mwandishi wa gazeti, anapoanguka kutoka juu ya jumba refu. Superman aruka juu kumpokea, ukumbi wote ukapiga makofi. Sasa tupige hesabu. Mtu akianguka kwa nukta nne, tukiacha upinzani wa hewa, mwendo wake huwa mita 40 kwa nukta, yaani kilomita 144 kwa saa. Superman ni mgumu kuliko chuma. Akimsimamisha kwa sehemu moja ya kumi ya nukta, mwili wa bibi yule hupata nguvu mara 40 ya uzito wake. Na kwa kuwa shujaa mwenyewe anakuja juu kwa kasi, mambo yazidi kuwa mabaya. Kinachomwua mtu aangukaye ni kusimama kwa ghafula, iwe juu ya sakafu au juu ya mikono ya mpenzi. Mwokozi mwenye kujua fizikia angeshuka pamoja naye, kisha ampunguze mwendo polepole, kama golikipa mzuri arudishavyo mikono nyuma anapoudaka mpira.

Mwisho wa picha hiyo Lois afa katika tetemeko la ardhi. Kwa uchungu, Superman aizunguka dunia kwa kasi mpaka igeuke izunguke kinyumenyume, na wakati urudi nyuma, Lois awe hai. Wenzangu, kuirudisha mishale ya saa hakurudishi uji uliokwisha kunywewa. Tena tulio hapa tuna sababu yetu ya kulalamika. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kama kilomita 40,000, nayo hujizungusha kwa saa 24. Kwa hiyo mtu aliye kwenye ikweta husafiri kilomita 1,670 hivi kwa saa, hata akiwa amelala. Dunia ikisimamishwa, mtu wa Ncha ya Kaskazini atapata kizunguzungu tu. Watu wa Uganda, ambao mstari huo wapita nchini mwao, tungeendelea na safari kuelekea mashariki, pamoja na nyumba, ng'ombe na maji ya Ziwa. Yote hayo kwa sababu ya mwandishi mmoja wa gazeti!

Hesabu ya adui nayo si bora. Katika Avengers: Infinity War ya mwaka wa 2018, jitu liitwalo Thanos lasema kuwa chakula hakiwatoshi viumbe, kwa hiyo lapiga vidole na nusu ya viumbe hai wote watoweka. Mwaka huo watu wa dunia walikuwa karibu milioni 7,600. Nusu yake ni milioni 3,800, nayo ndiyo idadi iliyokuwako mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba jitu lile, pamoja na nguvu zake zote, liliturudisha kwenye ujana wa babu zetu tu, na shida ingerejea baada ya miaka hamsini. Tena likiondoa nusu ya viumbe vyote, na kuku na ng'ombe wamo. Basi walaji nusu, na chakula nusu! Mwanafunzi wa darasa la sita angemsahihishia. Baadaye, katika Avengers: Endgame ya mwaka wa 2019, waliotoweka warudi baada ya miaka mitano, watu washangilia. Hakuna aliyeuliza mashamba yao yamekwisha kulimwa na nani, wala wajane wao wameolewa na nani. Picha hiyo ilipata karibu dola milioni 2,800, na mabaraza ya wazee ya kumaliza ugomvi huo hayakupewa hata senti.

Hata hivyo nisiwaonee. Siku hizi wenyewe wameanza kutazama chini kidogo. Katika Captain America: Civil War ya mwaka wa 2016, mama aliyefiwa na mwanawe katika vita vya mashujaa amkabili mmoja wao na kumwonyesha picha ya marehemu. Spider-Man: Homecoming ya mwaka wa 2017 yaanza na vibarua wanaozoa vifusi vya mji uliovunjwa, kisha wafukuzwa kazi bila huruma, na mmoja wao kwa hasira awa adui. Hapo sinema yakaribia kusema kweli: palipo na shujaa mmoja hewani, wako watu elfu moja chini wenye fagio.

Na hao wa chini ndio walioziunda picha zenyewe. Godzilla, jitu la Kijapani la mwaka wa 1954 lililotisha ulimwengu, lilikuwa mtu ndani ya vazi zito lenye kilo 100 hivi, akitiririka jasho. Ngurumo yake ilipatikana kwa kusugua nyuzi za zeze kubwa kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Katika Star Wars ya mwaka wa 1977, vyombo vya adui vinapopita kwa mlio wa kutisha, mnachosikia ni sauti ya tembo iliyochanganywa na motokaa ipitayo barabara yenye maji. Ben Burtt ndiye aliyeichanganya. (Bila shaka angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna mlio wowote, lakini nani atalipa kiingilio asikie kimya?) Naye Superman aliruka kwa waya. Mara nyingine hakusogea kabisa: kamera na mashine ya kutupa picha nyuma yake zilikuzwa kwa pamoja, akaonekana anakuja ilhali yuko palepale. Kumbe ukubwa wote ule ulitokana na glovu, waya na subira.

Sasa nifike pale panapotuhusu sisi. Picha hizi zilipoichora kesho, watu wetu walikuwa wapi? Mara nyingi hawakuwamo. Lakini lugha zetu ziliitwa kazini. Mwaka wa 1966, katika hadithi ya televisheni ya Star Trek ambayo baadaye ikawa sinema, aliwekwa afisa mwanamke mweusi aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Jina lake la kwanza ni Nyota. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alieleza kwamba alitaka kuacha kazi ile, na Martin Luther King akamsihi abaki. Mmoja wa watoto waliomtazama, Mae Jemison, alikwenda angani kweli mwaka wa 1992, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika huko.

Lugha nyingine hazikupewa heshima hiyo. Katika Return of the Jedi ya mwaka wa 1983 yuko kiumbe mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb, asaidiaye kuendesha chombo. Maneno yake yalisemwa na mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, kwa lugha za Kenya, Kikuyu ikiwa mojawapo. Kwa masikio ya Chicago hiyo ilikuwa lugha ya sayari ya mbali. Kwa masikio ya Nyeri ilikuwa lugha ya nyumbani! Nacheka kila nikilifikiri jambo hilo, kisha nasita. Huenda waliodhani kwamba hayupo atakayeelewa hawakuwa na ubaya wowote, hawakututazama tu.

Mwaka wa 2018 Black Panther ilituonyesha Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika iliyotangulia mbele ya wengine kwa elimu, nayo ikapata zaidi ya dola milioni 1,300. Miongoni mwa walinzi wa mfalme ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Nilifurahi kama wengine. Lakini nchi ile ilibuniwa Marekani na fedha zake zikabaki Marekani.

Kwa hiyo namheshimu zaidi Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala. Yeye hakungoja. Aliunga kompyuta kwa vipande vya kompyuta zilizokufa, rafiki yake Dauda Bisaso akatengeneza bunduki za bandia kwa vyuma chakavu, na mwaka wa 2010 wakatoa Who Killed Captain Alex? kwa fedha ambazo, kama isemwavyo, hazikuzidi dola 200. Helikopta zake zaonekana wazi kuwa za kompyuta, nao wenyewe hawafichi. Msemaji wao, VJ Emmie, huwachekesha watazamaji juu yake picha ikiendelea, kama wafanyavyo mavijei katika vibanda vya sinema nchini mwetu. Watu wa Ulaya na Marekani wameitazama na kuipenda. Nayo ni kesho iliyoingia kwa mlango mdogo.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Tuzitazame picha za wenzetu, tuzicheke, na tuzipende pia. Lakini atakayetaka kujua mwaka wa 2060 utakuwaje asitazame angani peke yake. Na atazame kilicho kidogo, chepesi na rahisi, ambacho mama wa sokoni aweza kukinunua. Na aulize katika kila utabiri: ni nani atakayefagia, na lugha yake ni ipi? Asipopata jibu, na ashike kalamu, aiandike kesho hiyo mwenyewe.